Filta ya Mafuta, Filta ya Karatasi

Ijumaa, 26 Juni 1970

Nimeosha filta ya gari baada ya sala, kama kila Ijumaa. Haji kalala kibarazani, mdomo wazi. Filta yenyewe ni kopo la bati lililojaa nyuzi za waya. Hewa inayokwenda kwenye injini hupitia humo, na oili iliyopakwa kwenye waya hunasa vumbi. Naisuuza kwa mafuta ya taa ndani ya beseni, naianika, naichovya katika oili, naiacha ichuruzike. Ameniachia marehemu baba pamoja na gari. Alikuwa akisema waya hauzeeki ukipata wa kuuosha. Gari ni yangu, dereva mume wangu, muoshaji mimi.

Tuna mchezo wetu. Natazama tope lililobaki katika beseni, namwambia alikopita. Jekundu ni Dole, njia yake ya kila siku. Jeupe kama unga ni njia za mawe, kule kaskazini. Leo lote jeupe. Nikamwambia, wiki nzima umekula chokaa, Bwana Haji, ulikuwa wapi?

Hakucheka. Kasema nimeanza upelelezi. Nimekereka. Nimemwaga tope, nimenawa.

Jumatano, 1 Julai

Oili ya injini haipatikani. Nimepanga foleni tangu asubuhi, nimerudi na kopo tupu na miguu inayowaka.

Haji anataka tuache waya, tutie filta ya karatasi. Bwana Kanji, muuza spea wa Mji Mkongwe, anazo chache dukani. Karatasi haioshwi. Ikijaa vumbi unatupa, unatia nyingine. Hoja zake: karatasi inanasa hata vumbi jembamba ambalo waya unalipitisha, na mikono yangu itapumzika na harufu ya mafuta ya taa. Hoja zangu: maji ya masika yakiingia, karatasi imekwisha. Na siku Bwana Kanji akituambia hana tena, tutatia kanga yangu?

Nimeshinda mimi. Lakini huruma hii ya mikono yangu kaitoa wapi? Tangu anioe hajapata kuinusa.

Alhamisi, 2 Julai

Haji amekodiwa kesho. Anapeleka watu harusini Mkokotoni, ataondoka alfajiri. Nikaosha filta upya, watu wasiharibikiwe njiani wakiwa na nguo zao nzuri. Oili hakuna hata tone. Waya mkavu haunasi kitu, vumbi lote lingeingia kwenye injini. Nikafikiri, mafuta ni mafuta. Nikatia mafuta ya nazi, yale mazuri niliyoyakamua mwenyewe. Filta ikanukia kama kichwa cha bibi harusi.

Nimempigia pasi kanzu. Nimeifukiza udi. Hata kama ni dereva tu, asidharauliwe mbele za watu.

Ijumaa, 3 Julai

Gari imekufa njiani.

Jirani yetu muuza mihogo alikuwamo, akishukia Mahonda. Amerudi adhuhuri na habari. Gari ilikohoa tangu Amani, ikatoa moshi mweusi, ikazima karibu na Mahonda kabla jua halijatoka. Haji akafungua filta, akakuta mafuta ya nazi yameganda meupe kwenye waya. Hewa haina pa kupita. Ni kipupwe, na mimi sikukumbuka! Mtoto mdogo wa Unguja anajua mafuta ya nazi huganda kipupwe.

Ujumbe wa Haji: injini imeharibika kabisa, anamngoja fundi, nisimtazamie upesi. Na aliyefanya hivi ni mimi.

Nimeharibu harusi ya watu. Nimeharibu gari ya baba. Sijala.

Jumapili, 5 Julai

Mtaa mzima unajua. Kisimani wameniuliza kama nimeikaanga gari au nimeichemsha. Mmoja kaniuliza kama nitaisuka nywele. Nimecheka nao. Nimerudi ndani nimelia.

Jumatano, 8 Julai

Bado hajarudi. Naona haya hata kumtumia salamu.

Ijumaa, 10 Julai

Amerudi. Gari inaunguruma vizuri, kama haijapata kuumwa. Haji mwenyewe uso umenawiri, kanona. Nikamtazamia mtu aliyekonda kwa kulala garini, nikamwona mtu aliyetoka kula pilau. Nikamshukuru Mungu.

Nimemwomba radhi. Nimemshika mkono nikaubusu, kibarazani, majirani wanaona. Kanisamehe kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie.

"Yashapita, mke wangu. Lakini filta usiiguse tena. Nshatia karatasi."

Alipitia kwa Bwana Kanji kwanza, ndipo akaja nyumbani. Kopo la baba kalisukumia chini ya kitanda. Sikubisha. Ningebisha na mdomo gani?

Jumatatu, 13 Julai

Baridi asubuhi. Mafuta yangu ya nywele yameganda ndani ya chupa. Nikaiweka dirishani juani, kama nifanyavyo kila kipupwe tangu utoto. Nikapika chai. Nilipomaliza kunywa nikarudi dirishani, mafuta maji matupu.

Nikabaki nimesimama na kitana mkononi.

Kama jua la dirishani limeyayeyusha kabla sijamaliza chai moja, je, jua la Mahonda juu ya bati? Na injini ya moto chini yake? Gari ile ilizima kweli, simkatai jirani. Lakini kabla ya saa tatu ilikuwa inatembea. Hakukuwa na fundi. Hapakuwa na cha kungojea.

Ijumaa kwa Ijumaa. Siku saba.

Mwanamume hukaa wapi siku saba nzima, akarudi kanona, kanzu inanukia udi usiokuwa wangu? Fungate. Bwana harusi hukaa kwa mwari siku saba, hatoki, analishwa, anasingwa mwili kwa manukato. Hata mimi alikaa kwangu hivyo.

Naacha kuandika.

Jumanne, 14 Julai

Nimemuuliza. Nilimtilia chai kwanza, kwa kuwa nilitaka anijibu akiwa amekaa.

"Haji, harusi uliyopeleka watu, bwana harusi alikuwa nani?"

Alizungusha kikombe. Akatazama mlango. Kisha kasema, "N'likuwa n'takwambia, Zuwena."

Basi. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilifika mwisho mezani kwangu. Msichana wa Kendwa, kule kaskazini mbele ya Mkokotoni, mwari, binti wa mtu ambaye Haji humsafirishia dagaa. Amekuwa akienda huko tangu masika. Lile tope jeupe. Ndiyo maana mikono yangu ilimtia huruma. Alitaka karatasi ili nisione tena anakotoka.

Sikupiga kelele. Nilidhani nitapiga.

Sheria inampa wanne, najua, sikuzaliwa jana. Angekuja akaniambia ningelia siku zangu, ningenuna, ningemtukana kidogo, ningekwenda kumtazama huyo bibi harusi na sahani ya halua. Lakini nilimfukizia kanzu ya harusi yake kwa mikono hii. Kisha akanifanya nimwombe radhi. Aliuona mkono wake unabusiwa, ulikuwa bado una hina ya Kendwa kwenye kucha, akanyamaza, akanisamehe. Mimi nilidhani ni oili.

Nimevunjika. Neno jingine sina.

Jumamosi, 18 Julai

Shangazi kaja. Kasema nimnyang'anye gari, tuone kama huyo wa Kendwa atamtaka akienda kwa miguu. Nimecheka kwa mara ya kwanza. Ninaweza, gari ni yangu, nimpe dereva mwingine kesho hiyo hiyo. Halafu? Gari itarudi. Yule niliyekuwa naye harudi, hata nikiuza injini vipande vipande.

Shangazi kauliza, unamtaka bado? Nimemjibu simtaki. Kanitazama, akaendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, 24 Julai

Haji kaingia na filta mbili mikononi, kopo la baba na ile ya karatasi. Karatasi imejaa. Vumbi la kaskazini limeimaliza kwa muda mfupi, mikunjo yote imekuwa kijivu, gari imekosa nguvu na inakunywa petroli. Kasema ile ya waya ingeoshwa tu, ikarudi kazini. Kasema Bwana Kanji ana moja tu ya karatasi, na hajui kama nyingine zitakuja. Oili nayo kaipata, chupa nzima, sijui kwa nani. Kasema gari ni yangu, nichague mimi. Alikuwa analiweka kopo mbele yangu taratibu, macho chini. Nilijua anachotaka. Anataka beseni, mimi nimeinama, na yeye kalala kibarazani, kama kwamba hapajatokea kitu.

Na mimi nilitaka. Nisijidanganye humu, hakuna anisomaye. Mkono ulikuwa ushakwenda kwenye chupa ya oili.

Kwa gari, waya ni bora. Baba alikuwa na haki. Waya utamzika Bwana Kanji na duka lake. Nikamwambia achukue karatasi.

"Na ikisha hiyo?"

"Utajua weye."

Sitaki kuosha. Nikiosha nitatazama. Nikitazama nitajua kapita wapi na mara ngapi, nitahesabu, nitakuwa kichaa. Ikijaa aitupe huko huko Kendwa, isifike uani kwangu.

Kaondoka bila ya kumaliza chai.

Jumamosi, 1 Agosti

Wazee wamekaa, wamegawa zamu. Siku mbili huko, siku mbili hapa. Leo ni yangu.

Nimefagia. Nimepika wali na mchuzi wa papa, sikutia pilipili nyingi, yeye haziwezi. Nimekaa mkekani. Niliapa asubuhi, mbele ya shangazi, kuwa akija sitanyanyuka. Afungue mwenyewe, apakue mwenyewe, ajue kuwa humu hana mtu.

Baada ya alasiri gari ikasikika kwenye kona. Shangazi akanitazama.

Nikanyanyuka, nikaenda kumfungulia.