Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nimesahihisha hadi chai ikapoa. Kidato cha Pili, mtihani wa kumchagua mmoja wa kwenda mashindano ya hesabu Bukura Jumamosi. Swali la mwisho nimelitunga mwenyewe: je, 1,000,001 ni namba tasa? Ni tasa. Nimeigawanya kwa namba tasa zote ishirini na tano zilizochapwa nyuma ya daftari, 2 hadi 97. Kila mara kuna baki. Darasa zima wameandika ndiyo. Nekesa peke yake: “Hapana.” Hakuonyesha njia. Sufuri. Alama nne zimemtoka na Wanjala amempita kwa mbili.

Jumanne, 7 Juni
Nekesa hakosi hivihivi. Kuna mtu nyuma yake.

Jioni nimemwona akitoka kwa Shikuku, kule Shirere. Mwalimu mpya, hesabu pia, digrii mbichi. Mimi nina diploma na miaka kumi na tisa ya chaki. Wanasema anataka kuongoza idara. Lisemwalo lipo.

Alhamisi, 9 Juni
Karatasi ndani ya rejista yangu. “101 × 9901.” Mkono wa Nekesa, maneno ya Shikuku. Wananitega nijiaibishe mbele ya watoto. Sikuzidisha. Nimeikunja nikaitia kwenye Biblia.

Shikuku alinisalimia kwa tabasamu. Tabasamu la nini?

Ijumaa, 10 Juni
Nimemwita Nekesa. Nani amekufundisha?

“Madam, mimi siibangi majibu ya mtu. Nilipanga tu mbili mbili.”

Sikumwamini. Akalia bila kufuta machozi. Jina la Wanjala limekwenda kwa mwalimu mkuu. Nimechoka, na nina hasira ambayo sijui ni ya nani.

Jumamosi, 11 Juni
Wanjala ameenda Bukura. Sokoni nimekutana na Shikuku, nikamrushia swali kuhusu Nekesa. Alishangaa kweli. Mkewe amejifungua, na Nekesa huwatekea maji. Hesabu hawajaizungumzia. Ile namba hakuwahi kuisikia.

Jumapili, 12 Juni
Mvua ilitukuta tukitoka kanisani. Nekesa akanipa mwavuli wake, akakimbia na jani la mgomba kichwani. Hata shukrani haikunitoka.

Nyumbani nimefungua Biblia. 9901 mara mia ni 990,100. Ongeza 9901. Milioni moja na moja. Nimerudia mara tatu nikiomba nikosee.

Mgongoni mwa karatasi ameonyesha njia. Amekata namba mbili mbili kutoka kulia: 01, 00, 00, 1. Toa, jumlisha, toa. Sufuri, basi 101 inaingia. Hiyo 101 ndiyo namba tasa inayofuata 97. Orodha ya daftari ilikoma hapo, nami nikakoma nayo.

Naona haya. Nimemrudishia alama zake nne, na Bukura imeshapita. Kesho nitaiandika ubaoni kwa mkono wangu, na jina lake chini.

Mwavuli uko mlangoni. Bado unadondosha maji.