Mtoto Niliyemteka Msibani

Ng'ambo, Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia hukuhuku mbali, maana naijua sauti yake. Goti linaendeleaje? Kaka ameniambia mvua za huko Kisarawe zimelianzisha tena na zahanati hutaki kwenda. Nenda, mama, goti halitibiwi kwa kulisema. Na kikohozi cha baba mdogo, kimepoa? Sisi huku hatujambo, mimi na baba Shabani na watoto. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unaijaza mwenyewe, kisha unaipeleka ukoo mzima. Mjukuu wako Asha akusomee polepole, na asiruke mahali ninapotukana.

Shabani yupo mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Akija likizo koti lake jeupe nalifua mimi, simwachii mtu, nalianika mbele ya nyumba upande wa barabarani ili apitaye aone. Mdogo wake amechaguliwa shule ya bweni. Sijisifu, lakini mtaani huku wanajua watoto hawa kawazaa nani. Na Nyamizi wangu anasoma vizuri kuwapita wote wawili. Hilo neno "wangu" nimeliandika leo bila kuangalia nyuma yangu, mama. Mahakama imenipa.

Wacha nikueleze tangu mwanzo, maana kwenye simu nilikuwa naficha.

Unamkumbuka Zuhura, jirani yangu, yule niliyekuwa nikikusimulia kwamba tunachota naye maji na kusukana nywele. Alipofariki aliacha huyu Nyamizi, kitoto cha kike ambacho hata ziwa kilikuwa hakijaacha vizuri. Baba wa mtoto alishakwenda machimboni na mpaka leo hajaleta hata salamu. Msibani nilikwenda kama jirani na kama mtani. Mimi Mzaramo niliyeolewa katikati ya Wanyamwezi, nani huku si mtani wangu? Wewe ndiye uliyenifundisha utani huu, kwamba ulianza babu zao walipokuwa wanashuka kwetu pwani na mizigo mabegani. Basi nikafanya kazi ya mtani. Nikakalia mfuniko wa sufuria la wali, wapakuaji wakashindwa kupakua. Nikavaa kofia ya mwenye msiba. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, na ndiyo maana ya mtani.

Kisha nikamfunga Nyamizi mgongoni kwa kanga, nikasimama mlangoni nikasema, "Huyu nimemteka. Mnaomtaka leteni kuku."

Desturi unaijua. Hapo anatoka mtu wa ukoo, analeta kuku, au yai, au hata ahadi ya uongo, anamkomboa mtoto na mambo yanaisha. Aliyepaswa kutoka ni Kalunde, dada mkubwa wa Zuhura, yule mwenye shamba la tumbaku kule Goweko. Huyo ndiye mama mkubwa wa mtoto, hakuna wa karibu kuliko yeye. Alibaki amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha.

"Baki naye, mtani," akasema. "Kitoto chenyewe kina kifafa. Kuku tumekusamehe."

Watu wakacheka tena, wakidhani bado ni utani. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Hakuwa anatania. Matanga yakaanuliwa, kila mtu akashika njia yake, na mimi nikarudi kwangu na mtoto mgongoni. Baba Shabani alikuwa anaranda mbao za kitanda cha watu. Akaniangalia, akasema, "Utani wenu huu safari hii una miguu." Akaenda kununua maziwa.

Ingeishia hapo, mama, ningemsamehe. Lakini Kalunde aliporudi Goweko alipitisha neno kwamba Zuhura alikula wali wa nazi kwangu wiki ile aliyofariki, na kwamba ule wali wa yule Mzaramo ndio uliommaliza. Wakati Zuhura alikufa kwa malaria, hospitalini, na dada yake akiambiwa na daktari wazi kabisa. Mimi niliyekuwa mpishi ambaye watu wanasogeza tarehe ya harusi wakisikia naumwa. Kwa muda mrefu hakuna aliyeniita hata kukaanga vitunguu. Nikipita kisimani wanawake wanafunika ndoo zao. Mama Rehema wa nyumba ya pili, niliyempikia harusi ya binti yake mpaka wageni wakalamba sinia, alinirudishia bakuli langu bila kuliosha, ili asilishike sana. Hapo niliapa. Nilisema huyu mwanamke atakula kwangu, atakula mbele ya watu, na atashiba.

Kifafa nacho nilikipeleka kliniki. Watu waliniambia nisimguse mtoto akianguka, eti povu lake linaambukiza. Nilimfuta povu lile kwa ncha ya kanga yangu na nipo hapa nakuandikia. Daktari alimpa dawa za kumeza kila siku na akasema asikae karibu na moto peke yake. Basi. Kidogo kidogo kuanguka kukaisha. Akaanza shule, akaanza kushika namba za juu, akaanza kurefuka kama twiga.

Mtoto aliporefuka, mama mkubwa naye akakumbuka kuwa ana damu. Msimu wa tumbaku unataka mikono, na mikono ya ndugu hailipwi. Alhamisi moja alikwenda madrasa, akamwambia mwalimu kwamba kuna msiba kwenye ukoo, akamchukua Nyamizi wakapanda treni kwenda Goweko. Dawa ziko kwangu kabatini.

Nilimfuata na baba Shabani kwa pikipiki ya kukodi. Tulimkuta kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto wa kuni, amekaa chini anafunga majani kwenye fito, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Alikuwa ameanguka jana yake mbele ya tanuri. Mkono uliingia kwenye makaa. Walimpaka asali.

"Alianguka kidogo tu," Kalunde akaniambia. "Ulivyomdekeza."

Sikumpiga, mama. Usidhani nimezeeka. Mume wangu alinishika kiuno kwa nyuma kama anashika gunia.

Tukaenda kwa mtendaji wa kijiji. Kijana mpole tu, ana peni sikioni. Akaniuliza, "Mama, huyu mtoto wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Mimi mtani wao."

Wote waliokuwa pale wakacheka, na yeye akacheka. Kisha akaniuliza karatasi. Nilikuwa na kadi ya kliniki na madaftari yake ya shule. Karatasi ya kusema ni mtoto wangu sikuwa nayo. Akaniruhusu nimpeleke hospitali kwa ajili ya ule mkono, lakini akanionya kwamba mama mkubwa akija kumdai kesho, yeye hana la kufanya. Njia nzima ya kurudi nilikuwa naisikia ile sauti yake. Miaka yote hiyo nilijiona nimeshinda, kumbe namlea mtoto ambaye mtu yeyote mwenye kilemba cha ukoo anaweza kumbeba kama mzigo wa stesheni.

Kesho yake nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Binti mdogo, umri wa Shabani, lakini ana akili kama amezaa. Akaja nyumbani akaangalia mtoto analala wapi, akaongea na walimu, akaongea na Nyamizi mwenyewe mimi nikiwa nje. Akatuelekeza Mahakama ya Watoto, mimi na baba Shabani tuombe haki ya kumlea kisheria. Ile mahakama haina kizimba. Mnakaa mezani kama kikao cha harusi, na hakimu, mama mmoja mwenye miwani, anasema na wewe taratibu mpaka unaogopa zaidi.

Kalunde alikuja amevaa vizuri. Na kwapani, mama, alikuwa na kuku. Kuku mweupe amefungwa miguu.

Hakimu akamwuliza, "Huyo wa nini?"

"Mheshimiwa, nimekuja kumkomboa mtoto wetu mbele ya serikali. Huyu mama alimteka kwa utani msibani, akataka kuku. Kuku huyu hapa. Deni la mtani halikai bila kulipwa."

Alikuwa anatabasamu. Alidhani amenimaliza. Yule binti wa ustawi akamwuliza kwa upole, "Kwa hiyo mama ulikuwa unajua tangu msibani kwamba mtoto yuko kwake?"

"Nilijua, kwa nini nisijue? Tabora ni hapa."

"Na hukwenda kumwona hata alipokuwa anaumwa?"

Akamhamishia kuku kwapa la pili. Kuku akaanza kupiga mbawa. Hakimu akaandika, na ile peni yake nilikuwa naisikia. Wanyamwezi wenyewe wa ukoo ule waliokuja kumsindikiza waliinamisha vichwa, maana kila Mnyamwezi anajua kuku wa utani hutolewa palepale, msiba haujaisha. Ukimleta baada ya miaka umejitangaza mwenyewe kwamba ulimwacha mtoto.

Nisifiche, na mimi nilisemwa. Hakimu alivua miwani akaniambia, "Mama, mtoto si kibuyu cha kuchukuliwa kwa mzaha."

Nikamjibu, "Mheshimiwa, kuteka nilimteka kwa utani. Kulea sikumlea kwa utani." Jibu hilo limeshafika sokoni, mama, wauza mchele wananisalimia nalo.

Uamuzi ulitoka. Nyamizi ni wa kulelewa na sisi, mimi na mume wangu, na hakuna wa kumtoa bila mahakama. Niliomba na jambo la pili, kwamba Kalunde asimwone mtoto hata kivuli. Hapo hakimu alinikatalia. Akasema mtoto ana haki ya kumjua ndugu wa mama yake, na Kalunde ataruhusiwa kuja kwangu Ijumaa moja kila mwezi, akae nikiwepo. Nilikasirika mpaka nje. Halafu nikiwa njiani nikaanza kucheka peke yangu. Aje kwangu? Apige hodi mlangoni kwangu? Mungu ampe nini tena mja wake.

Ijumaa ya kwanza nilipika wali wa nazi, kwa zile nazi ulizonitumia na dereva wa lori. Nikamwalika Mama Rehema na wale wa kisimani, wote. Nikatandika mkeka mpya. Kalunde alipofika akawakuta wamekaa, akaelewa. Nyamizi akamnawisha mikono, akamwambia, "Shikamoo, mama mkubwa, karibu chakula cha mama." Nilimpakulia mwenyewe, nikajaza. Alikaa na tonge mkononi, wanawake wote wanamtazama. Akala. Nikamwongeza. Akala.

"Umekolea," akasema.

"Sema kwa sauti, mtani, Mama Rehema hasikii vizuri."

Akasema kwa sauti. Nimengoja miaka kusikia neno lile na lilikuwa tamu, mama, nisikudanganye.

Wageni walipoondoka nikaingia jikoni kuosha vyombo. Nikamsikia Nyamizi anamwuliza, "Mama yangu alipokuwa mdogo alikuwaje?" Swali hilo hajawahi kuniuliza mimi. Angeniuliza ningemjibu nini? Mimi Zuhura nilimpata ameshakuwa mtu mzima. Na Kalunde akaanza. Kwamba Zuhura alikuwa anajificha ndani ya kihenge kula karanga mbichi, wanamtafuta kijiji kizima. Kwamba akicheka anajishika utosi kwa mikono yote miwili. Nikachungulia. Nyamizi alikuwa amejishika utosi kwa mikono yote miwili, na ule wenye kovu. Miaka yote nilidhani ile tabia kaiokota shuleni.

Nilisimama na sahani mkononi maji yanachuruzika. Yule nyoka ana vitu vya mwanangu tumboni mwake ambavyo mimi sina na sokoni haviuzwi.

Alipoaga nikamwambia aje tena Ijumaa ijayo, asingoje mwezi. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Usianze, mama, najua utakachosema. Sijasamehe. Kila nikimpaka mtoto mafuta nikaona ule mkono, nachemka upya.

Nisalimie kaka, mwambie gunia la mchele linakuja na dereva yuleyule. Nisalimie shangazi mkunga aliyenikata kitovu, na mjomba wa msikitini, na wifi zangu wote hata yule asiyenipenda. Baba Shabani anakusalimu, anasema kitanda chako kimekwisha, bado kupigwa vanishi. Nyamizi anakuita bibi na anataka kujua kama bahari ina chumvi kweli.

Na ukiswali, mama, niombee jambo moja. Mwombee Kalunde umri mrefu na afya. Aishi mpaka amsimulie huyu mtoto yote, asibakize hata punje. Akishamaliza, mimi na yeye tutazungumza.

Ni mimi mwanao nisiyekusahau hata nikikuna nazi,

Mwanahawa, mama wa Shabani, na wa mdogo wake, na wa Nyamizi