Mnarani Nilimwacha Mume, Basini Nikasema Tumetimia

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha fomu, na hiyo fomu nimeificha chini ya godoro kama msichana anayeficha barua ya mchumba, na mimi ni mtu mzima, nina wajukuu watatu.

Mume wangu alipostaafu watoto walichangishana wakatulipia ile safari ya basi, nchi sita kwa siku kumi na mbili, miji mikongwe mitupu, ya kuta za mawe na madaraja na makanisa ambayo babu walianza kuyajenga na vitukuu wakaja kuyamaliza, na sikatai, ni zawadi kubwa, ila watoto walisahau kwamba baba yao alikuwa mpima ardhi miaka thelathini, na mtu wa kupima hastaafu. Alinunua kitabu cha historia kinene kama tofali, akawa ananisomea. Ananisomea kwenye basi, ananisomea tukishuka, ananisomea nikiwa nimeinua kichwa naangalia dirisha la vioo vya rangi, "Mama nanii, sikiliza, wanasema ukuta huu una unene wa mita mbili na robo," na mimi nauangalia ukuta, naona ni mnene, inatosha. Tena kiongozi wetu, dada mmoja mchapakazi mwenye mwavuli wa njano na sauti iliyokauka kwa kuongea, akisema neno lolote kwenye kipaza sauti, mume wangu anainua kidole. Kufika siku ya tatu basi zima lilishamwita Mkaguzi, naye akafurahi, alidhani ni heshima.

Siku ya sita tukafika mji mdogo juu ya kilima, umezungushiwa ukuta pande zote, vichochoro vyake vyembamba hata watu wawili hawapishani bila kuombana radhi, na katikati kuna mnara. Dada akasema mnara una ngazi mia mbili na kumi na nne. Mume wangu akaniangalia kwa lile jicho ninalolijua, akaenda kuzihesabu. Nasikia alipofika katikati mtoto wa mtu alimsalimia, hesabu ikampotea, akashuka hadi chini aanze upya.

Saa tisa tukatakiwa basini. Nikakaa pangu dirishani, na kwenye kiti cha mume wangu akaja akakaa mzee mwingine, kofia imeshuka mpaka puani, akalala hapohapo kabla hata hajajiweka vizuri. Hakuwa wa kwetu. Kampuni ile ilikuwa na mabasi mawili siku hiyo, ya rangi moja, na kofia wametugawia wote za aina moja, maskini akakosea. Dada akapita anahesabu vichwa, arobaini na tatu, sawasawa, kisha akafanya kama anavyofanya siku zote, akauliza kila wawili waliokaa pamoja, kwa sababu anasema hesabu inaweza kudanganya lakini mtu hawezi kumsahau aliyekuja naye. "Mama, nyie wawili mmetimia?"

Mshauri, nikasema, "Tumetimia, mwanangu."

Mdomo ni wangu, lakini kuutuma sikuutuma. Basi likaondoka, na kwa saa mbili na dakika arobaini nikaona mto, nikaona mashamba ya maua, nikaona ngome juu ya mwamba ambayo mpaka leo sijui ilijengwa mwaka gani wala na nani, na sitaki kujua. Simu ya mume wangu ilikuwa kwenye mkoba wangu, kwa hiyo hata kupiga asingeweza, na hilo nalo nililijua, na nikafunga zipu.

Mpakani dada akakusanya pasipoti, ukatokea uso mmoja usiofanana na pasipoti yoyote. Yule mzee alipoamshwa akauliza, "Hapa ndipo wapi?" na mimi nikaruka kwa mshangao kama mcheza maigizo, "Na mume wangu yuko wapi?" Huku nyuma basi la pili lilikuwa limekaa saa nzima likimtafuta mzee wao, likamwokota wa kwetu, na milimani simu hazikushika, kwa hiyo likaja naye hivyohivyo. Aliposhuka abiria wa basi lile walipiga makofi. Mume wangu anasema walikuwa wanamuaga.

Tumerudi nyumbani, mume wangu ameandika malalamiko. La kwanza, kutelekezwa. La pili, ngazi ni mia mbili na kumi na moja. Kampuni imemsimamisha dada kazi, na imeniletea mimi fomu nieleze nilichoona. Mume wangu ameshaniandalia jibu, "Andika ulikuwa umelala fofofo," maana hivyo ndivyo nilivyomwambia, na hivyo ndivyo anavyowaambia majirani, anacheka kabisa. Halafu juzi dada akanitumia ujumbe: "Mama, shikamoo. Nimewaza sana sijui nilikosea wapi. Hivi niliwauliza, au sikuwauliza?"

Sijamjibu. Nifanye nini? Tafadhali usinitaje. Mume wangu hausomi ukurasa wako, anasema ni wa watu wasio na kazi.

Ni mimi, Mama wa Dirishani.

*

Mama wa Dirishani,

Kwanza pole kwa kitabu. Niliwahi kusafiri na mtu wa namna hiyo, na safari yenyewe ilikuwa ya msibani.

Pole imeishia hapo. Dada wa watu alikuuliza swali la maneno manne, ukamdanganya mchana kweupe, tena ukamwita mwanangu. Leo mwanao huyo yuko nyumbani bila kazi, anahangaika akijiuliza kama kumbukumbu yake ni nzima, na wewe uliyemjibu unamwacha aendelee kuhangaika. Naye ana lake, ningekuwa yeye ningeinua ile kofia. Lakini kampuni inayowavalisha watu wa mabasi mawili kofia za aina moja isijifanye kushangaa wakichanganyika.

Sasa huyo mumeo. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwambia, "Baba nanii, hebu nyamaza kidogo." Sijapaona. Umeona ni rahisi kumwacha mtu nchi nyingine, bila simu, kuliko kumwambia afunge kitabu. Mtu anayekusomea unene wa ukuta kila siku anaamini unaupenda unene wa ukuta. Atajuaje? Mama, wewe umekaa kimya miaka yote hiyo, halafu unalalamika kwamba yeye ndiye anayesikika.

Usije ukasema ulipitiwa. Mtu aliyepitiwa hafungi zipu.

Halafu kuna jambo la haraka. Gazeti hili linatoka Jumatano asubuhi, na unasema mumeo hasomi ukurasa huu. Wanaume wasiosoma ukurasa huu ndio wanaoniandikia kuliko watu wote. Mmoja wao ni mpima ardhi mstaafu, na mwezi wa tatu alinisahihisha upana wa kitanda cha watu wawili, kwa sentimita. Mimi nimekuficha kadiri nilivyoweza, lakini wapima ardhi waliosahauliwa mnarani si wengi kiasi hicho. Kwa hiyo kama unasoma hapa naye bado yuko bafuni, una dakika chache za kuwa wa kwanza kumwambia. Zitumie. Mwambie yote, mpaka ile ngome, mpaka kwamba ulifurahi, maana ukiificha furaha atadhani ulimchukia, na wewe hukumchukia, ulichoka. Ataumia. Mwache aumie, ana haki. Akikuuliza kwa nini hukusema siku zote, usimwambie "sijui," mwambie uliogopa kumkata maneno. Na safari nyingine mkienda, mpatane kila mji saa moja ya kutembea mbalimbali, na saa ya kukutana iandikwe.

Kisha mpigie dada. Usimwandikie, mpigie, akusikie ukisema, "Uliniuliza, mwanangu, nami nikakudanganya." Usimweleze habari za mto na maua, hazimhusu.

Fomu utaijaza kwa mkono wako. Usilalamike humo juu ya mumeo, usimwage machozi, kampuni haina pa kuyaweka. Andika kwamba uliulizwa, ulijua, ukajibu uongo, na uombe arudishwe kazini. Wakikupiga marufuku kupanda basi lao, vumilia, mabasi yako mengi.

Na kama unajiuliza nani aanze kuambiwa, mume au fomu, aanze mume, kwa sababu fomu haitakununia wiki mbili. Ila usingoje amalize kununa ndipo uipeleke. Anune yuko nyumbani, wewe uko posta.