Samaki Mgeni wa Baba

Luzira, Jumamosi jioni

Nilidhani kumleta Baba ziwani kungemuumiza. Tangu tukimbie kwetu Uvira alikuwa hajagusa ndoana, na jana, siku yetu ya kwanza ya likizo, alikaa ameyapa maji mgongo.

Leo binti yangu Neema akamchokoza: "Babu, wewe unajua samaki wa Ziwa Tanganyika tu. Wa ziwa hili huwawezi."

Nilitaka kumkaripia. Lakini Baba aliinuka, akaomba ndoana.

Saa nzima hakupata kitu. Nikaogopa ataaibika. Kisha akavuta kisamaki cha ukubwa wa kidole.

"Huyu ni nani?"

"Nkejje, Babu."

"Nkejje." Alimgeuza kiganjani taratibu. "Jambo, mwenyeji wangu."

Akamrudisha majini, akatia chambo kingine. Aliponasa ngege, aina ya sato, akanung'unika: "Huyu namjua tangu zamani. Mpikeni." Alitaka samaki walio wageni kwake tu! Nilichoka kumsubiri.

Tulipokuwa tukila huyo ngege, akaanza kuwasimulia wanangu jinsi alivyokuwa akivua na Mama. Tangu tumzike, alikuwa hajamtaja.

Nikajifanya natafuta miiba, wasinione nikilia.