Benchi Nililolikimbia

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu. Goti lako linasemaje siku hizi? Na mama mkwe, bado anagombana na redio? Sisi huku hatujambo, ila nyumba imekuwa kimya. Hakuna wa kuimba bafuni akikosea maneno.

Uliniuliza kama bado nanyanyua vyuma, kwa kuwa mashindano ya wanawake hapa kwenye ukumbi wetu wa mazoezi yanakaribia. Nanyanyua, lakini nguvu za benchi, kule kulala chali na kusukuma chuma juu, zimenitoroka. Tangu tumzike kaka yako nimekuwa nikibadilisha mazoezi: wiki hii vyuma vidogo vya mkono, wiki ijayo pushapu, mara mashine. Nilijiambia mwili ukishtushwa unakua. Juzi nikarudi kwenye benchi kujipima, na uzito niliokuwa nikipashia mwili moto mwaka jana ukanikalia kifuani. Wasichana wawili wakaja kuniondolea. Nikacheka nao, huku machozi yakinilenga.

Kocha, yule tunayemwita Babu Chuma, akaniita pembeni. Akasema nahamahama kama paka mwenye watoto. Mwili kila ukianza kulijua zoezi, nimeshauhamisha. Kubadilisha si kosa, akasema, ila zoezi la kusaidia lifanane na lile kuu, nami nidumu nalo majuma kadhaa. Kwa mfano, nilale benchi lile lile, nikitulize chuma kifuani kidogo ndipo nikisukume. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, halafu nikaenda zangu kwenye mashine. Akanifuata, akauliza kwa upole mbona nachagua tu mazoezi yasiyohitaji mtu wa kusimama nyuma yangu.

Jibu la kweli nakwambia wewe. Nikilala pale nilizoea kuuona uso wa kaka yako ukiniinamia, umepinduka juu chini, matundu ya pua wazi, akinitania kwamba nikishindwa, na yeye atanikalia. Sasa naona dari tu. Nimekuwa nikiikimbia ile dari, wifi, na kuita hayo mazoezi.

Kesho naanza tena benchi, wale wasichana wawili watanisimamia. Lakini siku ya mashindano nakuomba uje. Babu Chuma atakaa karibu kwa usalama. Wewe simama tu nyuma yangu, uniinamie, unitukane kidogo. Maneno ya huruma nimeshapewa ya kutosha.

Mshike mama mikono kwa niaba yangu, na watoto uwabusu.

Ni mimi,
mke wa kaka yako.