Swaumu ya Kila Siku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu moja, nami naitaja mapema ili usinizungushe: nina hofu kwamba unashinda na njaa, na kwamba hutakubali kumwambia mtu. Ningekupigia, lakini kwenye simu unanishinda. Juzi nilipokuuliza umekula nini, ulicheka. "Nimeshiba mpaka nimevimbiwa. Kwani wewe huko mjini Masoko umekula?" Kicheko kikakatika katikati, ukasingizia mtandao. Mimi nilisikia pumzi ikikuishia.

Bi Somoe amenieleza. Usimkasirikie, jirani wa ukuta kwa ukuta hawezi kujifanya kipofu. "Mwanangu, mama yako hapokei tena sahani yangu," alisema. "Nikibisha, ati amefunga swaumu. Jumatatu nikasema sunna. Alhamisi nikasema sunna. Ijumaa amefunga, Jumamosi amefunga! Ramadhani gani hii anayoifunga peke yake?" Tangu hapo sipati usingizi, kwa maana wewe ndiwe uliyenifundisha siku za sunna, na unazijua.

Naikumbuka sahani yake ya bati yenye waridi jekundu. Nikitumwa kuirudisha, ulinizuia mlangoni: "Sahani ya mtu hairudi tupu." Ukatia ndimu. Nikalalamika kwamba mwenzetu katupa wali wa nazi, nasi tunampa ndimu moja. "Ndimu ni salamu," ukasema. Naye akiipokea hupaza sauti ng'ambo ya ukuta: "Ndimu tena! Mwaka huu nafungua genge!" Ulicheka hadi ukashika kiuno. Sasa mafuriko yamezoa mihogo bondeni, na mndimu nao umekwenda na maji. Nimeelewa kwa nini hupokei: huna cha kurudishia.

Mama, tangu nihitimu nimesimama katika kumbi zenye viyoyozi nikieleza njaa ya dunia: meli za ngano, nchi zilizomo vitani, watoto wa mataifa ambayo sijakanyaga. Nilipigiwa makofi, na kwa ufasaha huo nikaajiriwa na shirika linalogawa chakula. Jumamosi lori letu linakuja kijijini kwetu na mahindi, maharage na mafuta. Lakini utaratibu unataka kila mwenye kaya asimame mbele ya mkutano, aseme kwa kinywa chake kwamba hana chakula. Nilimwomba mkuu wangu tupite nyumba kwa nyumba. "Binti," akanijibu, "tukibisha hodi kila mlango, mahindi yatafika msimu ujao. Mwenye njaa atasema."

Hapo ndipo hofu iliponikaa kifuani. Mwenye njaa wa kwetu hasemi. Husugua sufuria iliyo safi kwa kelele ili jirani asikie. Kila nikifumba macho naona mkutano ule: watu wanaitwa, wanasimama mmoja mmoja, nawe umekaa mkekani, ushungi umenyooka, unamtabasamia mwanao mwenye shahada. Hunyanyuki. Lori linageuza, linaondoka, nami nimo ndani yake. Hukunisomesha ili nilishe watu wa kila kijiji, kisha nirudi kwetu kukuzika.

Kwa hiyo nitatangulia lori. Nitapita kwa Bi Somoe, nichukue sahani ile ya waridi ikiwa na wali, nije nayo kwako kwa mlango wa uani. Usiniambie umefunga. Tutakula pamoja, kisha wewe mwenyewe utamrudishia ikiwa tupu, mchana kweupe, watu wakiona. Najua itakuwa nzito kuliko gunia. Lakini ukiweza kufika mlangoni kwake bila ndimu mkononi, utaweza pia kusimama mkutanoni, na nitasimama ubavuni mwako, nikiwa na sare yangu ya kazi.

Nifungulie, mama. Jumamosi, saa moja asubuhi.

Mwanao akuogopeaye