Kadi Inayochemka kwa Mzee Hamisi

Jumatano, 12 Novemba. Mwezi wa nane tangu niondoke Kasulu.

Ile kadi ya grafiki hainitoki kichwani. Bosi wangu wa duka la kompyuta alitaka kadi ya bei ndogo isomeke kwenye kompyuta kama ile ya bei kubwa. Nikahamisha kirezista kimoja, kijisehemu cha umeme kidogo kama punje ya ulezi, ikasomeka. Lakini inachemka, na feni ni ileile ndogo.

Leo nimeifunga kwenye kompyuta ya Mzee Hamisi, anayehariri video za harusi na jando hapa Lindi. Ilipowaka alishangilia. Mara mkewe akaleta kitambaa cha kufuma, akaifunika kompyuta nzima huku inafanya kazi.

"Mama, hiyo inahitaji hewa."

"Hewa au vumbi? Wewe Muha, kwenu hata runinga hamfuniki?"

Wakacheka wote. Mzee akasema haitazimwa mpaka asubuhi, maana msimu wa korosho harusi hazishikiki. Wajukuu wake wanalala chumba hichohicho, godoro limegusa meza.

Nikafunga begi langu la vifaa, nikaaga. Ningeeleza kwa nini inachemka, bosi angenifukuza, na mimi hapa sina ndugu...

Jioni nimempigia bosi, nikamwambia ile kadi inaweza kuwaka moto. "Ikiungua, tutasema ni umeme wa mtaani," akajibu, akakata simu.

Nimempigia Mzee Hamisi mara nyingi. Simu inaita tu, hapokei.

Naenda kwake sasa hivi kuichomoa, na nitamwambia yote. Kazi hapa imekwisha. Heri iishe hivyo. Nyumbani Kasulu wanitarajie Jumapili.